Spika Niliyoipeleka Jikoni kwa Mama Mkwe

Chekeni tu, maana hata mimi siku hizi nikikumbuka nacheka, lakini siku yenyewe haikuwa ya kucheka, siku yenyewe niliomba ardhi ipasuke niingie mimi na baiskeli zangu zote. Nimeaibika mara nyingi maishani (nimewahi kuanguka na baiskeli mbele ya kwaya nzima, na hilo mnalijua), lakini aibu ya kutangazwa na mashine yangu mwenyewe, uani kwangu mwenyewe, mbele ya baba mkwe, hiyo ni moja tu na sitaki nyingine. Na sikurogwa wala sikusingiziwa. Niliifunga mwenyewe kwa bisibisi yangu.

Wakati huo Mwingereza bado anatutawala, Bwana Shauri, mkuu wao wa wilaya, yuko Kiomboi, na mimi nilikuwa fundi baiskeli pale Misigiri, fundi anayejulikana, watu wanatoka mbali na magurudumu mabegani. Na ubaya wa kujulikana ni huo: ukishafunga mnyororo ukazunguka vizuri unaanza kuamini kwamba kila kitu chenye skurubu duniani ni ndugu yake baiskeli. Taa ya karabai, mniletee mimi. Cherehani, mimi. Saa ya ukutani ya mwinjilisti, mimi (na ilitembea, ilichelewa kidogo, lakini ilitembea).

Nilikuwa na mke, Naomi, mwaka wa tatu wa ndoa yetu, na mtoto wa kwanza, Samweli. Mtoto alipozaliwa baba mkwe wangu, Mzee Danieli, alituletea ng'ombe, mtamba mwenye mimba changa, mweusi mwenye mabaka meupe shavuni, tukamwita Madoa. Ilikuwa zawadi ya babu kwa mjukuu. Mzee alimshikisha Naomi kamba mkononi akasema, "Huyu akizaa, mjukuu wangu anywe maziwa ya kwao, asiombe kwa jirani." Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nikaitikia asante baba kwa sauti kubwa kuliko wote.

Sasa sikilizeni akili za mtu mzima. Kiangazi kilipoanza nilikwenda Singida mjini kutafuta spoku na mipira ya ndani, na wakati wa kurudi nikapita Mandewa kwa mchuuzi mmoja wa ng'ombe, Mzee Salumu, nimsalimie tu. Nikamkuta barazani na mashine. Mzungu mmoja wa migodini alikuwa anarudi kwao akamwachia: gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, amplifaya ya kukuza sauti inayokula betri ya gari, na spika mbili, moja kubwa yenye mdomo kama ua la boga na nyingine ndogo ya kisanduku cha mbao. Mzee Salumu akaweka santuri, akafunga ile spika kubwa, na jamani, sauti iliyotoka pale! Mbuzi walisimama. Mimi nilisikia kitu kinanipanda kutoka miguuni, nikajua kabisa kwamba bila mashine hii sitalala tena.

Nikaanza kujihesabia sababu. Madoa ana mimba, hakamuliwi. Ng'ombe asiyekamuliwa, ukimtazama vizuri, ni mzigo wa majani tu. Mtoto mwenyewe bado ananyonya. Kufika nyumbani nikamwambia Naomi kwamba nyasi za kwetu zimekwisha (zilikuwa zimepungua, hazikuwa zimekwisha), kwa hiyo nampeleka Madoa kwa rafiki yangu mwenye malisho mazuri, akizaa nitamrudisha. Nikamswaga mpaka Mandewa, nikarudi juu ya lori la mizigo nimekumbatia amplifaya. Naomi akauliza hii imetoka wapi, nikasema nimelipwa kwa kazi ya baiskeli. Akaitazama, akanitazama mimi, akasema, "Haya." Basi, haya tu. Na mimi nikadhani limekwisha.

Ubatizo wa Samweli ulikuwa Jumapili moja ya mwezi wa tisa. Baba mkwe na mama mkwe wangekuja kutoka kwao, walale siku mbili. Nikasema moyoni, hiyo ndiyo siku ya mashine, Mzee Danieli aone binti yake ameolewa na mtu wa namna gani. Betri nikaazima kwa dereva wa lori. Santuri nilikuwa nazo nne, mbili za nyimbo za kanisa na mbili za dansi (za dansi nilizificha chini, kwa ajili ya mwinjilisti).

Tulipotoka kanisani uani kulijaa, wanaume kwenye viti na magogo, wanawake huku na huku na vyungu. Na hapa lazima niwaeleze jambo moja kwa sababu vijana mmeanza kulisahau. Mama mkwe na mkwe wa kiume, zamani zile, hawakutazamana usoni. Mama mkwe wangu sikuwahi kusemezana naye neno hata moja miaka yote mitatu. Akipita njia hii, mimi napita ile. Salamu zilikwenda kupitia kwa watu. Kwa hiyo alipofika kwangu aliingia moja kwa moja kwenye kibanda cha jiko nyuma ya nyumba, akakaa huko na Naomi, na tangu dakika hiyo kibanda kile kwangu kilikuwa nchi ya kigeni, siruhusiwi hata kuchungulia.

Ndipo wema ukaniponza. Nikawaza, sisi huku tutasikia muziki, na mama wa watu amekaa kwenye moshi tu? Ile spika ndogo ya kisanduku iende jikoni! Nikavuta waya mrefu kupitia pembeni mwa nyumba, nikampa shangazi yangu Rebeka kile kisanduku, nikamwambia akiweke juu ya kichanja, karibu na mama mkwe, asikie vizuri. Baba mkwe akaona. Akatikisa kichwa polepole akasema, "Umefanya vizuri kumkumbuka mwenzio wa jikoni." Nikavimba.

Sasa kufunga. Nyuma ya amplifaya kulikuwa na skurubu mbili za kubania waya upande wa kulia, na skurubu mbili nyingine upande wa kushoto, na kando yake maandishi madogo ya Kiingereza. Kiingereza changu mimi kilikuwa cha kutambua namba za matairi. Mwalimu Yakobo wa shule yetu alikuwa amekaa karibu, akainama, akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya kasha.

"Elia," akaniambia, "humu kuna maelezo ya kufunga. Nikusomee?"

Watu wote wanatazama. Baba mkwe anatazama. Na mimi ndiye fundi.

"Asante mwalimu," nikasema, "lakini mashine haisomwi, inafungwa."

Watu wakacheka, mwalimu naye akacheka, akairudisha karatasi ndani ya kasha. Jamani, ningesema "nisomee" tu, neno moja, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia. Spika kubwa nikaifunga kulia, kama nilivyomwona Mzee Salumu akifunga. Ndogo je? Zile skurubu za kulia zilikuwa zina nafasi bado, ningeweza kubana waya mbili pamoja. Lakini nikawaza kama mtu aliyekulia na punda: mzigo hauwekwi upande mmoja, mnyama ataanguka. Debe moja kulia, debe moja kushoto. Nikaifunga spika ya jikoni kushoto, nikakaza sawasawa.

Nikawasha. Taa za ndani zikawa nyekundu taratibu, na ile spika kubwa ikapiga mluzi mmoja mrefu, watoto wakaziba masikio. Nikasema kwa utulivu, "Inapasha koo." Nikaisogeza mbali, nikaielekeza barabarani, mluzi ukakatika. Nikaweka santuri ya kanisa, na uani pote pakatulia, wimbo unatoka pale unakwenda mpaka kwenye mashamba ya mtama. Baba mkwe alivua kofia. Nilimtuma shangazi Rebeka jikoni akaulize kama na wao wanasikia. Akarudi akasema, "Mkweo anasema asante sana, kisanduku kinaimba vizuri." Mimi nisingeweza kwenda kuhakikisha, mnajua sababu. Na mama wa watu, nimekuja kujua baadaye, alikuwa hasikii hata punje kutoka kwenye kile kisanduku, anasikia ile ya nje tu kwa mbali, lakini mgeni gani atasema kitu cha mwenye nyumba ni kibovu?

Santuri za zamani mnazijua, dakika tatu tu imekwisha. Ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha, nikainua sindano, nikawa natafuta sindano mpya kwenye kikopo. Uani kimya. Na katika kimya kile spika kubwa ikakohoa.

Ikakohoa, wallahi, kikohozi cha mtu aliyeingiwa na moshi. Halafu ikasikika kama kijiko kinakwangua sufuria, halafu sauti ya mwanamke, kwa Kinyiramba chetu safi, ikasema, "Punguza kuni, wali utaungua."

Mzee Kitundu, jirani yangu, mzee wa maneno mengi, akaruka kutoka kwenye gogo lake, akidhani ni redio. "Ee jamani! Dar es Salaam wanasema Kinyiramba!"

"Wanasema Kinyiramba!" wengine wakadakia. "Serikali imetukumbuka!"

"Nyamazeni tusikie habari," akasema mwingine, "huenda ni habari za kodi."

Na mimi? Mimi sikuelewa lolote, lakini watu walikuwa wananitazama kwa macho ya kunistaajabia, na macho ya namna ile ni matamu, basi nikatabasamu kama mtu aliyepanga mambo yawe hivyo, nikashika kile kitufe cha kuongeza sauti, nikakizungusha mpaka mwisho.

"Naomi, mwanangu," ikasema spika, ikasikika mpaka barabarani, "shangazi wa mumeo amekwenda kisimani, acha hiyo sufuria uje ukae hapa. Nina neno."

Tabasamu likanikauka usoni. Mwalimu Yakobo alikuwa wa kwanza kuelewa, akatazama waya wa kushoto, akatazama jikoni, akanong'ona, "Elia, hapo umefunga penye kipaza sauti cha kusemea. Kile kisanduku sasa hivi ni sikio." Nikaruka nikamate waya niukate.

"Acha," akasema baba mkwe.

Hakupandisha sauti. Alikuwa ameweka kofia gotini na anatazama ile spika.

"Baba, hii imeharibika kidogo, naomba nii..."

"Elia. Hiyo ni sauti ya mke wangu. Acha nisikie."

Sasa niambieni, wewe ni mkwe, umeambiwa acha na mzee aliyekupa binti yake, utafanya nini? Nikaacha. Nikasimama pembeni ya mashine na bisibisi mkononi.

"Mwezi uliopita," ikaendelea spika, "nilikwenda kumtazama mama yako mdogo kule hospitali ya mjini. Tukapita Mandewa. Nikamwona Madoa kwenye zizi la mchuuzi mmoja. Usiniambie nimefananisha, mimi ng'ombe wetu namjua hata gizani. Amezaa. Ana ndama jike. Nikamuuliza mchungaji wake, huyu ametoka wapi? Akasema ameletwa na fundi wa Misigiri, amebadilisha na gramafoni."

Uani watu zaidi ya thelathini, hakuna hata aliyekohoa. Mzee Kitundu, ambaye kunyamaza kwake ni ugonjwa, alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Mimi jasho lilinitoka mpaka kwenye viganja, bisibisi ikawa inateleza. Sikuthubutu kumtazama baba mkwe.

"Baba yako sijamwambia," mama akasema. "Nilitaka nikuone wewe kwanza. Funga nguo zako na za mtoto. Keshokutwa tukiondoka tuondoke wote. Mtu anayeuza maziwa ya mtoto wake ili apate kelele, huyo kesho atauza mlango."

Nikasikia moto unalia. Halafu Naomi akasema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anazungumzia chumvi:

"Mama, najua. Nilijua tangu siku ile alipoileta. Alisema amelipwa kwa kazi ya baiskeli. Nani hapa Misigiri ana baiskeli ya thamani hiyo?"

"Ulijua ukanyamaza?"

"Nilikuwa nangoja aniambie mwenyewe. Kila siku akiingia nasema leo ataniambia. Anakula, anafuta mafuta mikononi, ananihadithia mambo ya watu wengine. Miezi mitatu, mama. Ng'ombe haniumi sana. Linaloniuma ni kwamba usiku nalala na mtu ambaye ana neno lake kaliweka mahali, na mimi napaona pale alipoliweka, na yeye hajui kwamba napaona." Hapo sauti yake ikapasuka. "Nampa mpaka leo jua kuzama. Leo mtoto kabatizwa, labda moyo wake utalainika. Akiniambia kwa kinywa chake, nabaki, hata kama ng'ombe harudi. Asiponiambia, keshokutwa nabeba mtoto."

"Zima sasa," akasema baba mkwe.

Nikazima. Taa za ndani zikafifia taratibu. Nakumbuka niliona aibu hata ya kuziangalia.

Mzee Danieli akavaa kofia yake. Nilingoja anitukane, nilitamani anitukane, maana tusi lina mwisho. Akasema tu, "Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Sisi sote tumesikia. Wasiojua kwamba tumesikia ni wawili tu, wale wa jikoni." Akatazama jua. Lilikuwa bado juu, saa tisa hivi. "Mimi sina la kuongeza."

Hapo Mzee Kitundu akapata ulimi wake. Akanivuta mkono, akasema kwa sauti ya chini lakini wote wakasikia, "Kijana, una bahati ambayo haijawahi kutokea. Nenda sasa hivi, piga magoti, mwambie habari za ng'ombe. Kwamba tulisikia, hilo tunalizika hapa hapa. Ukimwambia kwamba mkweo ametangazwa mbele ya wanaume, huyo mama hatakanyaga kwako tena. Nani atasema? Jamani, kuna atakayesema?"

Wanaume wote wakatikisa vichwa, hakuna atakayesema. Hata mwinjilisti alitikisa (alikuwa mtu mwema, alitaka amani). Mwalimu Yakobo peke yake hakutikisa, alikuwa ameitoa tena ile karatasi ya maelezo, anaikunja, anaikunjua, anaikunja tena.

Nikaenda. Kutoka pale mpaka jikoni si hatua ishirini, lakini niliona kama naswaga ng'ombe mpaka Mandewa mara ya pili. Nikasimama mbali na mlango nikiwa nimeupa mgongo, kwa heshima ya aliyemo, nikaita, "Naomi." Akatoka, anafuta mikono kwenye kanga, macho mekundu, akaniambia ni moshi.

"Naomi, Madoa hayuko malishoni. Nilimpeleka Mandewa. Nilimbadilisha na ile mashine. Nikakudanganya."

Hamwezi kuamini uso wa yule mwanamke. Ulifunguka. Alishusha pumzi kama mtu anayetuliwa mtungi kichwani, akaniambia polepole, "Nilikuwa nangoja neno hilo, Elia. Asante." Akanishika mkono. Mke wangu alinishika mkono, uani, mchana, jambo ambalo kwetu halifanywi.

Na mimi, ndugu zangu, badala ya kufurahi nikajisikia mwizi. Alikuwa ananishukuru kwa kitu ambacho sikukitoa mwenyewe, nilitolewa. Ningeweza kuondoka pale nimesamehewa. Sitaki kujisifu kwamba nilikuwa mwema, sehemu moja ya akili yangu ilikuwa inasema siri ya wanaume thelathini pamoja na Mzee Kitundu haifiki Jumanne. Lakini sehemu nyingine ilikuwa inautazama ule mkono wake juu ya wangu.

"Subiri," nikasema. "Bado lingine. Kile kisanduku cha jikoni nilikifunga vibaya. Hakiimbi. Kinasikiliza. Maneno yenu yote yametokea kwenye spika kubwa. Tumesikia uani. Baba amesikia. Nimekuja kwa sababu nilisikia."

Akauachia mkono wangu. Akaweka kiganja mdomoni. Ndani ya kibanda kitu kilianguka, nadhani ni kifuniko cha sufuria. Nikamsikia mama mkwe anasema "Mungu wangu."

"Ungekuja kama usingesikia?" Naomi akaniuliza.

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Sijui," nikasema. "Nadhani nisingekuja."

Mtoto akalia ndani ya nyumba, hakwenda. Mwisho akasema, "Hilo ndilo neno la kwanza la kweli umeniambia tangu kiangazi kianze." Hakusema anabaki, hakusema anaondoka. Nikaona kwamba sina haki ya kuuliza.

Ndipo ikatoka sauti nyuma ya ukuta wa miti na udongo, ya mtu aliyegeukia upande mwingine ili asinitazame, na miaka mitatu mizima hakuwahi kunielekezea neno:

"Kwa hiyo hakiimbi kabisa?"

Sikujua kama ninaruhusiwa kujibu. "Hapana, mama," nikaujibu mti uliokuwa mbele yangu. "Hakikuimba hata kidogo."

"Basi," akasema mama mkwe. "Nami nilidhani ni masikio yangu yameanza kuzeeka."

Naomi alijaribu kujizuia, akashindwa, kicheko kikamtoka kimechanganyika na machozi. Ndani nako nikasikia mama anacheka, kicheko cha pole, cha mtu aliyechoka. Mimi sikucheka, sikuwa na ruhusa.

Wakwe wakaondoka siku waliyopanga, wao wawili. Naomi alisimama mlangoni na mtoto mgongoni mpaka walipopotea, halafu akaingia ndani akaanza kufagia. Alibaki. Lakini alikuwa ananisemesha kwa maneno ya lazima tu, chakula tayari, maji yapo, na mimi niliona hiyo ni haki yake.

Siku ya pili nikafunga gramafoni, amplifaya na spika zake kwenye keria ya baiskeli nikaenda Mandewa. Mzee Salumu alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka mpaka akaomba maji. Akasema, "Mwanangu, mashine nimeipokea, ng'ombe mchukue. Lakini ndama kazaliwa zizini kwangu, kala majani yangu na chumvi yangu. Huyo ni wangu." Ndama jike, mnajua maana yake, huyo ni zizi zima la kesho. Nilibishana kidogo kwa ajili ya heshima, halafu nikakubali, maana nani alimpeleka mama yake pale? Nikarudi kwa miguu, baiskeli mkono mmoja, kamba mkono mwingine, siku tatu, na Madoa njia nzima anageuza shingo nyuma akimwita mwanawe. Kila alipoita nilikuwa namwambia pole. Watu wa njiani walikuwa wameshapata habari (sijui zilitangulia kwa lori gani), wananiamkia halafu wanauliza, "Fundi, leo kuna matangazo?" Nikawa naitikia, leo hakuna.

Nilifika jioni, jua bado lipo. Naomi alikuwa anapepeta uwele. Akasimama, akamwona Madoa, akaona kiwele kimejaa, akaanza kutabasamu, halafu macho yake yakaenda nyuma ya ng'ombe yakatafuta. Kabla hajauliza, kabla sijafungua kamba wala kuomba maji ya kunywa, nikamwambia:

"Ndama amebaki kule. Nimempoteza mimi, na hatarudi."

Akaangalia chini kidogo. Halafu akaniambia, "Kaa. Umetembea sana," akaingia ndani kuchukua kibuyu cha kukamulia.

Tangu siku hiyo sijafunga tena kitu nisichokijua bila kumwambia anayejua kusoma, nisomee. Na kwa Naomi nina utaratibu ambao mnaucheka hapa kila siku: nikikosea, namwambia nikiwa bado mlangoni, hata kama kuna wageni.